Sikio la Murtaz

Jumamosi ndiyo siku yake. Huingia akikung'uta tope la theluji,
hutundika koti, hukaa, hafungui mdomo
mpaka taulo la moto limpitie usoni.
Nje, Mto Rioni unanguruma kwa maji ya milima ya Imereti.
Ndani, mkasi wangu unatafuna polepole.

Binti yangu Lamzira, mwaka wa tatu wa udaktari kule Tbilisi,
amekuja likizo na daftari, na domo lake la tangu utotoni.
"Baba, unajua unachofagia?"
Nywele, nikamwambia. Miaka thelathini nafagia nywele.
"Unafagia seli zilizokufa. Zilizaliwa chini ya ngozi, laini kama uji,
zikajijaza keratini hadi zikakosa pa kuishi,
wadogo zao wakazisukuma nje.
Hicho unachokipaka mafuta na kukichana, Baba,
ni maiti iliyopambwa."

Murtaz akacheka, tumbo likatikisa shuka.

Akaokota unywele mmoja, akauwasha.
Mnuko ule! Mnuko wa kwato, babu alipobandika
chuma cha moto mguuni pa farasi.
"Kiberiti," akasema. Nikamtazama mkononi,
kumbe hasemi cha kuwashia. Asema kile cha ardhini,
kinachofunga uzi wa keratini kwa uzi mwenzake;
kikizidi, kitu hukaza: ukucha, kwato,
na ile pembe ya mbuzi-mwitu ukutani, yenye ukingo wa fedha,
tunayonywea divai harusini, isiyowekwa chini mpaka iishe.
Miaka yote hii nimebusu ukucha wa mnyama
nikiwaombea heri walio hai.

"Na hili?" akauliza Murtaz, akijigusa sikio.

La kushoto. Donge la unga
lililokandwa, likasahauliwa, likakauka.

Lamzira akakifunga kidaftari.
"Hilo ni jingine. Ni gegedu:
kolajeni, nyuzi za kuvutika, maji mengi,
na seli chache, kila moja pweke chumbani mwake.
Zi hai hizo. Lakini gegedu halina mshipa wa damu,
hulishwa na utando unaolifunika, tone kwa tone,
kama mgonjwa anayelishwa kijiko na jirani.
Sikio likipondwa, damu huvujia katikati,
jirani hafiki tena.
Gegedu hufa njaa, na mwili huziba pengo kwa chochote ulicho nacho.
Sindano moja tu, siku ile ile, ingevuta damu ile."

"Siku ile ile," akasema Murtaz.
Hakunitazama kiooni.

Tulikuwa na miaka kumi na saba. Mkeka ulinuka soksi na kafuri.
Nilimkaba kichwa, nikakisaga kwa mfupa wa mkono,
nikasikia kitu kikilia kama jani la kabichi likivunjwa.
Usiku akanijia: linapwita, nisindikize hospitali.
Nikamwambia, mwanamieleka hatobolewi sikio kama bibi harusi.
Nilikuwa nimemshinda,
na nilitaka alama ionekane.

Sasa alama hiyo naizunguka na wembe kila wiki.
Nywele zina huruma: nikikosea, mwezi haupiti, zimefunika.
Ukucha alioubana mlangoni mwaka juzi
umeshasukumwa ukatoka, akaukata, akautupa.
Vitu vilivyokufa ndivyo vinavyorudi.

Lamzira akaenda kununua mkate.

"Na hizi za ndani," akasema Murtaz, akiinamisha kichwa.
Hata humo zimeota, mbili, nyeupe, ngumu kama uzi wa kushonea viatu.
Nikachukua mkasi mdogo. Sikio lilikuwa baridi,
halikupinda kidoleni mwangu.
Nikakata. Nikapuliza.
Kisha mdomo ukiwa pale pale, karibu,
nikalisema, lile neno la miaka thelathini na nane.

"Unasemaje?" akauliza Murtaz.
"Upande huo sisikii. Njoo huku."